Koti la Baba Mabegani mwa Mtani

Kila nipitapo mahali ambapo mti mbichi wa msindano umetoka kupasuliwa, miguu husimama yenyewe. Ni harufu ya utomvu: kali, tamu kidogo, inayoingia puani na kukaa nyuma ya koo kama dawa ya kikohozi. Wengine harufu hiyo huwakumbusha nyumba mpya au dawati la shule. Mimi huwaona wanaume wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini shimoni, wakivuta msumeno mmoja na kutukanana.

Wa juu alikuwa baba yangu. Jina lake Kihwele, Mhehe wa upande wa Mafinga, aliyehamia Mbeya kutafuta kazi kabla sijazaliwa. Wa chini alikuwa Haule, Mngoni wa Songea. Tuliishi Mwanjelwa, miaka ya sabini ikianza, wakati nyumba zilikuwa bado zimeachana na nyuma ya yetu kulikuwa na migomba, kisha korongo. Baba na Haule walipasua mbao kwa mkono. Walichimba shimo lililozidi kimo cha mtu, wakakingamisha magogo mawili juu yake, na juu ya hayo wakabiringishia gogo la kupasuliwa. Baba alipiga mstari kwa uzi uliopakwa mkaa, akapanda juu. Haule akateremka. Msumeno ukaanza kwenda, juu, chini, juu, chini, mpaka jua lilipokaa utosini na mimi nikatokea na chakula chao kwenye kikapu.

Siku zote niliwasikia kabla sijawaona.

"Haule! Umelala huko chini?"

"Nitalalaje na wewe unanimwagia takataka machoni?"

"Unga huo. Ule ushibe, panya wa watu wapumzike."

"Afadhali panya, Kihwele. Nyinyi mtaa umekosa walinzi. Jana usiku sikusikia hata mbwa mmoja akibweka, nikajua tu, kwa Kihwele kumepikwa."

Baba alicheka mpaka mstari ukapinda, na Haule akatukana upya kwa sababu mstari umepinda.

Kwa asiyejua, Mhehe hutaniwa kwamba anakula mbwa, na Mngoni kwamba anakula panya. Mama alinieleza sababu siku moja akichambua mchele wa Ubaruku, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Babu zetu na babu zao, alisema, walipigana na kuuana mpaka pande zote mbili zikachoka. Walipopatana waliachiana ruhusa ya kutukanana, wasije wakarudia kuuana. Tangu hapo Mngoni anaweza kuingia jikoni kwa Mhehe, akafunua sufuria, akala nyama yote na kuondoka na mfuniko, na mwenye nyumba acheke. "Mtani hakasirikiwi," mama alisema. "Ukimkasirikia umeharibu."

Nilielewa kwa kadiri ya mtoto wa miaka tisa. Mwanjelwa majirani zetu walikuwa Wasafwa na Wanyakyusa, na mtani tuliyekuwa naye karibu alikuwa Haule peke yake. Kwa hiyo niliujua utani wa shimoni na utani wa mezani. Kwamba kuna utani wa msibani, hilo hakuna aliyenieleza, labda kwa kuwa hakuna aliyedhani nitauhitaji mapema hivyo.

Nilikuwa mtoto wa kuangalia watu. Baba nilimjua kwa mwendo hata akiwa mbali na sura haionekani. Miaka ya msumeno ilikuwa imelivuta bega lake la kulia chini kuliko la kushoto, na alitembea ameweka mkono mmoja mgongoni, kama mkaguzi wa shule. Kabla ya kusema jambo lolote alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha kuomba njia. Na alikuwa na koti moja zito la kahawia alilolipata mnadani, lenye kiraka cha bluu kwenye kiwiko. Alilivaa asubuhi za ukungu, na Mbeya ukungu haukosekani.

Mvua za mwaka ule kile kikohozi kiliacha kuomba njia, kikawa ugonjwa. Akalazwa. Walisema mapafu. Haule alikuja hospitali kila alasiri na nguo zake za kazi, unga wa mbao bado kwenye nyusi, akasimama miguuni pa kitanda.

"Amka wewe, mla mbwa. Gogo halijipasui."

Baba akajibu, siku ya kwanza kwa sentensi nzima, siku nyingine kwa maneno mawili matatu, kisha kwa kuinua kidole tu. Siku ya kumi Haule alisema maneno yale yale na kidole hakikuinuka. Akayarudia, taratibu zaidi. Halafu akavuta kigoda, akakaa, na hakusema kitu tena mpaka muuguzi alipotutoa nje.

Jeneza alilitengeneza Haule mwenyewe. Alikataa msaada. Alichukua mbao za msindano walizozipasua wote wawili na kuziacha zikauke chini ya paa, akazipiga randa nyuma ya nyumba yetu tangu asubuhi hadi mchana, na harufu ile ikaingia mpaka kwenye mablanketi. Mama alikaa ndani na wanawake wa mtaa. Alikuwa hajalia. Tangu hospitali alikunja nguo, alifagia, aliuliza kama wageni wamepata chai, kwa sauti ya kila siku. Nilimsikia mama mmoja wa Kinyakyusa akimnong'oneza mwenzake, "Alie huyu dada, jamani. Akikaa hivi ataugua."

Tuliondoka alfajiri kwa lori la mfanyabiashara mmoja wa mbao, kwenda kumzika kwao. Mama alipanda mbele na dereva. Nyuma tulikaa sisi juu ya magunia, jeneza katikati, na Haule ameegemea ubavuni mwake, kiganja juu ya kifuniko kulizuia lisiteleze kwenye kona. Tulipita Usangu jua likiwa limepanda, joto na harufu ya mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, na kwenye njia panda ya Rujewa ng'ombe wa Wasukuma walitusimamisha kwa muda mrefu wakivuka barabara. Mtu mmoja alisema kitu kuhusu ng'ombe wale, ilimradi kuvunja ukimya. Siku nyingine Haule angekuwa na la kujibu. Hakugeuka. Makambako tukakutana na upepo wa baridi, tukafunikwa turubai, na bado kiganja chake kilikuwa pale pale. Kimya kile kilinitisha kuliko jeneza lenyewe. Nilidhani utani umekwisha, umekufa na baba.

Tulifika jioni. Baba mdogo Alfonsi, mdogo wake baba, alitupokea na ukoo mzima, na taarifa ilikuwa imekwishapelekwa kwa Wangoni watatu waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya miti karibu na kijiji. Kwetu wenye msiba hawachimbi kaburi la mtu wao wala hawashuki ndani kumpokea. Hiyo ni kazi ya watani. Wale watatu walikuja na majembe yao, na kulipokucha shimo lilikuwa tayari.

Asubuhi ile shangazi alinituma kisimani kuchota maji. Nadhani alitaka kuniondoa pale ndugu walipokuwa wakimvalisha baba suti yake. Nilirudi na ndoo ndogo kichwani kwa njia inayopita katikati ya mianzi, ukungu ukiwa bado umelala chini. Nikafika nyuma ya nyumba.

Akawa anatembea mbele yangu.

Koti la kahawia. Kiraka cha bluu. Bega la kulia chini, mkono mgongoni. Alikuwa akienda taratibu kuelekea uwanjani palipojaa watu, na alipofika kwenye kona ya nyumba akakohoa mara mbili.

Sikufikiri. Wala sikushangaa, na hilo ndilo lililonisumbua kwa miaka. Niliona jambo la kawaida kabisa: baba amepona, watu wamekosea, tutarudi Mwanjelwa. Ndoo ilianguka, maji yakanilowesha miguu, nikakimbia. "Baba!"

Alichelewa kidogo kugeuka. Alipogeuka alikuwa Haule.

Hapo ndipo nikausikia uwanja. Watu walikuwa wakicheka. Wanawake wazima wa ukoo wetu, machozi yakiwatoka, walikuwa wameshika mbavu kwa sababu Haule alikuwa ameuzunguka msiba mzima ndani ya koti la marehemu, akiwakaripia kwa sauti ya marehemu, akiwauliza nani kawaita, nani kachinja kuku wake bila ruhusa, na kwa nini Alfonsi amevaa viatu vyake. Sikujua kwamba hiyo ndiyo desturi. Nilichokiona ni mtu aliyemvua baba nguo ili achekeshe watu.

Nikaokota jiwe. Sikuwa na shabaha hata ya kupiga embe, lakini jiwe lile lilikwenda moja kwa moja, likampata juu ya jicho.

Kicheko kilikatika. Damu ilishuka kwenye shavu lake na kuingia kwenye kola ya koti.

Shangazi alinidaka mkono kwa nyuma. "Rozina! Umefanya nini, mwanangu? Mtani hapigwi!"

Hata mtoto angeona uzito wa kile kilichofuata. Katekista, aliyekuwa amejiweka kando na kitabu chake ili watani wafanye yao, alikifunga kitabu. Wale Wangoni watatu walikuwa wamesimama kando ya kaburi, mikono juu ya mipini ya majembe. Mkubwa wao alimtazama Haule, kisha akawatazama wazee wetu. Akalitupia jembe begani.

"Haule, twende zetu. Hawa wamechagua vita. Wazikane wenyewe."

Baba mdogo Alfonsi alipiga hatua mbele. "Ndugu zangu, ni mtoto. Amekulia mjini. Hajui."

"Damu haiulizi umri."

Uwanja ule ulikuwa umejaa wanaume wenye nguvu, lakini hakuna hata mmoja ambaye angeshuka katika shimo lile kumpokea baba. Wangeondoka wale, jeneza lingebaki pale uani mpaka watafutwe watani wengine, na nani angekubali kuja mahali ambapo mtani amepigwa? Nilikuwa nimelowa miguu, na nilielewa jambo moja tu: baba anaweza kukosa kuzikwa, na nimesababisha mimi.

Haule alilivua koti. Alilikunja taratibu, mikono ya koti ndani, kama mama alivyokuwa akikunja nguo wiki ile yote. Watu waliona anajiandaa kuondoka. Akalishika kifuani, akafuta damu kwa kiganja, akakitazama kiganja.

"Hebu," alisema, "nani aliyeniambia Kihwele amekufa?"

Akawazungushia macho wote.

"Ninawauliza nyinyi wala mbwa. Mmenitoa Mbeya siku nzima juu ya lori, mgongo umekufa ganzi, mnaniambia Kihwele amefariki." Akakigeuza kiganja, watu wote wakakiona. "Mbona amenipiga sasa hivi?"

Nadhani shangazi ndiye aliyeanza. Kilitoka kama kikohozi, kisha kikawa kicheko, kisha kikawafikia wengine, na hata yule Mngoni mkubwa akageuka pembeni, mabega yakimtikisika, jembe bado begani. Na katikati ya kicheko kile nilisikia sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Ilikuwa ya mama. Alikuwa amekaa mkekani mlangoni. Alianza kwa kucheka kama wengine, na kicheko kikapasuka, akalia, akamwita baba kwa jina lake la ujana, jina ambalo sisi watoto hatukulijua. Wanawake wakamzunguka. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Haule alikuja mpaka niliposimama, akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu. Kwa ukaribu ule niliona jicho lake limeanza kuvimba.

"Umenipiga kama adui," alisema, si kwa ukali. "Mimi si adui yako. Mimi mtani wako. Sasa nitukane, tuwe sawa. Usiponitukana sishuki."

Nilitikisa kichwa.

"Baba yako angekuwa amekwishanitukana mara tatu."

Nilitafuta neno. Watu wote walikuwa wakinisubiri, na baba akisubiri. Nikalitazama koti alilolishika.

"Koti la baba halikukai," nikasema. "Umekuwa kama panya aliyeingia guniani akakosa pa kutokea."

Haule alilifikiria kwa makini.

"Panya mnono au aliyekonda?"

"Aliyekonda."

"Basi hafai hata kuliwa." Akasimama, akalivaa koti, akafunga vifungo vyote. "Twendeni jamani. Tumpumzishe mwenzetu."

Akashuka kaburini wa kwanza, kwa urahisi wa mtu ambaye maisha yake yote ameyapitisha ndani ya shimo, akanyoosha mikono juu. Miaka yote baba alikuwa juu na yeye chini, akipokea kila kilichodondoka. Siku hiyo alimpokea baba mwenyewe.

Nilikua, nikasoma, nikaja kufanya kazi ya gazeti. Mwaka wa kwanza niliandika habari ya msiba mmoja ambako watani walikuwa wamelala mbele ya jeneza kulizuia lisipite. Mhariri alitaka ifasiriwe kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni. Mfasiri, kijana msomi, alilitafuta neno utani kwenye vitabu vyake, akarudi na furaha. Lipo, alisema: *banter*. Nilimwomba anieleze maana yake. Akanisomea: mazungumzo ya kuchokozana kirafiki, yasiyo na nia mbaya, kama marafiki wanavyotaniana wakinywa chai. Aliliweka neno hilo, nami sikubishana. Si neno baya. Linaeleza vizuri yaliyokuwa yakisemwa na watu wawili wakivuta msumeno, panya na mbwa, unga machoni. Ila sikujua ningemwelezaje kijana yule kuhusu mtu anayevaa koti la rafiki yake aliyekufa, na kushuka nalo shimoni.

Na kwa kweli nami sikuwa bado najua yote. Yaliyobaki nilielezwa na mama uzeeni, tumekaa uani Mwanjelwa tukimenya viazi, Haule mwenyewe akiwa ameshazikwa kwao Songea. Alianza bila kuulizwa, kama wazee wanavyoanza.

Jioni ile tulipofika, alisema, Haule alimwendea baba mdogo Alfonsi na kumwomba ruhusa. "Mimi niacheni," alisema. "Nitakaa na wenye msiba, nilie kama watu. Hapa kuna Wangoni watatu, watawafanyia." Baba mdogo akamjibu kwamba wale watatu wanajua kuchimba, lakini hawakumjua Kihwele. Hawajui alivyotembea. Watu wa hapa hawajamwona ndugu yao kwa miaka kumi, na kesho anafukiwa. Nani mwingine atakayewaonyesha?

Haule akaenda kumwomba mama koti.

Kwa hiyo alikuwa amejinyima kilio, akawapa wengine nafasi ya kumwona baba mara moja zaidi, na katika uwanja wote ule mtu pekee aliyemwona kweli, aliyeamini, nilikuwa mimi. Nilimlipa kwa jiwe. Nilimwambia mama hivyo. Nilimwambia kwamba mpaka leo huwa namwona akigeuka pale kwenye kona ya nyumba, na kwamba sijui alinionaje, mtoto anayekuja mbio na uso wa furaha siku ya maziko ya baba yake.

Mama aliweka kisu chini.

"Aliniambia," alisema. "Hakusahau mpaka anakufa. Alisema alisikia miguu yako nyuma, na ukaita baba, naye akatamani asigeuke."